Tetra ya Goma na Maziwa ya Bibi

Chunusi hazina adabu. Hazimuulizi mtu kama ana mtihani au ana harusi, zinaingia tu na kujitandikia. Zilipomjia Akaliza zilianza paji la uso, zikaitana, zikajaza mashavu, na zilipokosa nafasi huko juu zikateremka shingoni. Zilikuwa za kila namna: nyekundu, zenye vichwa vyeupe, na zile za ndani zisizoonekana lakini zinazouma hata ukilalia mto. Kufikia miaka kumi na minane Akaliza alikuwa hodari wa kutembea Gisenyi nzima akiwa amevuta kitenge hadi nusu ya uso, akisalimia watu huku anatazama chini. Mtaa mzima aliujua kwa viatu.

Aliishi na bibi yake mzaa mama, Mukagasana, katika nyumba ya mbao kwenye mteremko ulio juu ya soko. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani na kuingia uani bila kubisha hodi, ukafunika kila kitu, hata ng'ombe wao Bihogo akabaki kichwa kitupu kinachoelea hewani na kucheua. Ukungu huo ulimpendeza Akaliza kuliko jua lolote. Ndani yake hakuna aliyekuwa na uso.

Walikuwa wamekuja kutoka Masisi, upande wa Kongo, mwaka wa tisini na sita, kwa miguu, na katika kundi zima la ng'ombe wa bibi ni Bihogo peke yake aliyefika. Kila alipomkamua, Mukagasana aliwaita wale wengine kwa majina, mmoja mmoja, polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini, na maziwa yakawa yanaanguka ndani ya icyansi, kile chombo cha mti kilichonukia moshi. Akaliza alikua anaisikia orodha ile. Kuna siku alidhani ng'ombe wale wamesimama kweli kule nyuma ya ukungu, wanangoja zamu yao.

Jina moja bibi hakulitaja kamwe. Ni la binti yake, Keza, mama yake Akaliza, aliyechukuliwa na homa wakati Akaliza anajifunza kusimama dede. Hakuna picha yake hata moja iliyovuka mpaka. Aliyemzungumzia Keza alikuwa Shangazi Nyirasafari, dada wa baba yake, mwanamke mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyevuka mpaka wa Petite Barrière kila siku, kwenda na karoti na vitunguu, kurudi na chochote Goma ilichomjalia.

"Mama yako, we!" Shangazi alisema, akipiga makofi. "Siku ile tulimuleta kwa harusi, uso yake ilikuwa inateleza. Nzi ingekaa pale, ingeanguka! Na we uko na uso yake, kabisa. Iko tu chini ya bile bipele."

Maneno yale yalimwingia Akaliza na hayakutoka tena. Basi uso wa mama yake ulikuwepo, umefukiwa pale pale shavuni, na yeye ndiye aliyekuwa kaburi lake. Usiku mwingine alimwota Keza. Alimwona anatembea ufukweni mwa ziwa, amevaa nguo nyeupe, anaongea na mtu, na kila Akaliza alipomkaribia, Keza alikuwa amegeukia upande wa maji. Aliamka na mto umelowa, asijue kama ni machozi au ni usaha wa chunusi iliyopasuka.

Huenda angezizoea chunusi, kama wengi wanavyozizoea. Lakini macho ya bibi yalianza kufifia. Mwanzoni alikuwa akimwaga maharage pembeni ya sufuria na kusingizia kuku. Halafu mboni zikaanza kuingia weupe. Protais, muuguzi wa zahanati, alimmulika kwa kurunzi, akasema ni mtoto wa jicho, ya kwamba kuna madaktari Kigali wanaopasua, na ya kwamba asipopasuliwa mwanga utakwisha kabla mwaka haujakwisha.

"Kisu kwa jicho?" Mukagasana alisema, akisimama. "Bon. Mukate kwanza ya kwenu, mi nione."

Hapo ndipo Akaliza alipopata haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kuwapendeza vijana wa mtaani, au kuimba mstari wa mbele kanisani, hayo angeweza kuyasubiri. Alitaka kitu kimoja: bibi yake amwone Keza tena, akiwa safi kama siku ya harusi yake, kabla giza halijamfunika. Alikuwa na mwaka mmoja, au pungufu, wa kumfukua mama yake.

Ni Shangazi aliyeileta dawa. Aliitoa kwenye sidiria, alikoficha kila kitu cha thamani kisionwe na watu wa forodha: pakiti ya kapsuli za rangi mbili, nyekundu na njano, zinazong'aa hata kuzitazama zinapendeza.

"Tetra," alisema. "Kule Goma batoto ba bazungu banakunywaka hii hii. Moja asubui, moja mangaribi. Mwezi mbili, tatu, bipele byote bwii!"

"Dawa ya nguvu?" bibi aliuliza.

"Ya nguvu sana, Mama."

"Basi bila maziwa haiwezekane. Itamuchoma matumbo."

Katika nyumba ile dawa ilikuwa kazi ya wakubwa. Mukagasana alizifunga kapsuli katika pindo la kitenge chake, akapiga fundo, na tangu siku hiyo ikawa ibada. Asubuhi na jioni alinawa mikono, akakamua, akachuja, akamimina kikombe kikajaa hadi ukingoni, kisha akafungua fundo na kumwekea Akaliza kapsuli kwenye ulimi kwa vidole vyake mwenyewe. Akaliza akanywa. Maziwa yalikuwa na uvuguvugu wa mwili wa Bihogo na harufu ya mbali ya moshi, na kapsuli iliteremka humo bila kusikika.

Alipokuwa anakunywa, bibi alimsogelea na kumtazama. Alimtazama sana, kwa karibu, macho yameachwa wazi kabisa kama ya mtu anayesoma maandishi madogo. Akaliza hakuupenda mtazamo ule. Alidhani bibi anapima kama chunusi zimepungua, na kwamba kila jioni anazikuta palepale. Akawa anafumba macho mpaka kikombe kiishe.

"Ngoja kidogo, Nyogokuru," alikuwa akimwambia bibi akirudisha kikombe. "Utaniona."

"Niko nakuona," bibi alijibu.

Zikapita wiki. Mvua ikaja, ikaenda. Juu huko Bugeshi viazi vikavunwa, na malori yakateremka yakiwa yamejaa, yakinuka udongo. Uso wa Akaliza haukubadilika. Chunusi moja ilikauka, mbili zikazaliwa. Ndoto tu ndizo zilizoongezeka: sasa aliota maziwa yamejaa ziwa zima, meupe toka ufuko wa Gisenyi mpaka upande wa Goma, na kapsuli nyekundu zikielea juu yake kama maua, na Keza amekaa ndani ya mtumbwi, kampa mgongo.

Shangazi aliwageukia wauza dawa wa Goma. "Bezi! Bamejaza unga ya muhogo mule ndani!" Akaleta pakiti nyingine, ya duka lenye kioo na feni. Ikawa yale yale. Wakati huo Mukagasana alikuwa ameanza kupapasa ukuta kabla ya kutoka mlangoni.

Siku moja alipiga moyo konde akaenda kwa Vénuste. Vénuste alikuwa na duka la dawa karibu na soko. Alikulia Tanzania, upande wa Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno limefuliwa na kupigwa pasi, mpaka watu wa Gisenyi waliingia dukani kumsikiliza hata wakiwa wazima. Akaliza alivuta kitenge kikashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya mwanamume, na masikio yalimwaka.

Vénuste hakushtuka. Alimtazama kama fundi anavyotazama redio iliyofunguliwa.

"Tetra umekunywa kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na unaimeza na nini, binti?"

"Na maziwa."

"Asubuhi?"

"Na jioni. Bibi njo ananipatia. Tuko na ng'ombe."

Vénuste aliweka kalamu chini. Alianza kucheka kidogo, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti. Akaliza alikuwa anajiandaa kukimbia alipomwona anajifuta macho na kumwomba radhi.

"Usikasirike. Hukukosea peke yako katika mji huu. Nusu ya wateja wangu wanafanya hivyo hivyo. Sikiliza. Dawa hii na maziwa havipatani. Vikikutana tumboni, maziwa yanaishika dawa, wala haipiti kwenye damu. Inatoka kama ilivyoingia. Meza kwa maji mengi, tumbo likiwa tupu. Maziwa yasubiri saa mbili hivi baadaye. Ukishameza usilale. Na jua ulikimbie, maana litakuchoma kuliko zamani. Huna mimba?"

"Mimba?" Akaliza alishtuka. "Ya nani?"

"Nauliza tu, ndiyo kazi yangu," alisema Vénuste.

Akaliza alirudi nyumbani kwa kuzunguka njia ya ziwa ili apate kufikiri. Maji yalikuwa yametulia, na milima ya Goma imekaa ndani yake kichwa chini. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Angemwambia tu bibi: nipe dawa kwa maji, maziwa nitakunywa baadaye. Maneno yasiyozidi pumzi moja. Lakini kila alipoyapanga mdomoni yaligeuka. Yalitoka hivi: maziwa yako ndiyo yaliyoniharibia. Ng'ombe wako wa mwisho, mikono yako unayonawa kwanza, kikombe unachojaza mpaka ukingoni wakati wewe mwenyewe unakunywa cha nusu, hivyo vyote vilikuwa vinanizuia. Nani angemwambia Mukagasana maneno kama hayo? Mwanamke huyu alikuwa na kundi, akabaki na mmoja, na cha kumpa mjukuu wake kilikuwa hicho tu.

Basi Akaliza, badala ya kusema, akafanya ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa wa kitoto. Jioni ile bibi alipomwekea kapsuli ulimini, aliisukuma shavuni, akanywa maziwa yakaipita. Alidhani ataitema nje, aimeze baadaye kwa maji. Kapsuli haikuwa na subira. Ililainika, ikapasuka, na unga mchungu ukamjaa mdomo mzima, uchungu wa kumtoa mtu machozi, huku bibi amesimama mbele yake anamtazama. Akatabasamu na kumeza uchungu kwa pamoja.

Siku iliyofuata alibadili mbinu. Aliitema kapsuli mapema kiganjani, akanywa maziwa matupu, akaiweka chini ya mto. Baadaye, akiwa amejilaza, aliikumbuka, akaimeza kavu kavu kwa uvivu wa kuamka kutafuta maji. Hapa hata mimi ninayesimulia sina huruma naye, maana aliambiwa. Kapsuli ilikwama katikati ya kifua. Asubuhi alihisi kama amemeza kaa la moto. Mate yalipita kwa shida. Ugali haukupita kabisa. Na bibi akaja na kikombe chake, kinafuka, kimejaa mpaka ukingoni.

"Nyogokuru, leo sitakunywa," alisema Akaliza.

Alisema kwa sababu kifua kilimuuma. Lakini katika nyumba kama ile, maziwa yakishamiminwa na kunyooshwa kwako kwa mikono miwili, hayakataliwi. Unaweza kuonja tu. Unaweza kuyapokea ukampa mdogo wako. Kukataa ni kumwambia aliyekupa kwamba yeye na mifugo yake na watu wake wote hawakufai.

Mukagasana alibaki amenyoosha mikono. Ukungu ulikuwa bado uani, na kwa muda ilionekana kama hakuna kilichotokea, kama neno lenyewe limepotelea mle.

"Hautakunywa," alisema mwishowe.

"Hapana, Nyogokuru."

"Bon. Kunywa na maji, basi. Sawa na mugeni."

Akafungua fundo, akamwekea kapsuli kiganjani badala ya ulimini, akaingia ndani.

Kuanzia hapo akawa anampa dawa kwa maji, bila neno. Akaliza alikuwa na nafasi nyingi za kueleza, akaziacha zote zipite. Kila siku iliyopita iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Bibi aliendelea kumkamua Bihogo, lakini hakuita tena majina. Alikamua kimya, na maziwa yakasikika peke yake. Kikombe cha Akaliza kilikwenda kwa watoto wa jirani yao Mbonigaba, waliokuja mbio na kuondoka na masharubu meupe. Na kwa kuwa hapakuwa tena na kikombe, hapakuwa tena na ule mtazamo wa karibu. Ajabu ni kwamba Akaliza, aliyeuchukia, aliukosa.

Ikawa sasa dawa inafanya kazi. Kwanza mashavu yalitulia, uwekundu ukapungua kama mtu aliyeacha kufoka. Halafu zile za ndani zikalegea na kuondoka bila kuaga. Siku moja alitembea mchana ufukweni kichwa wazi kwa furaha, akasahau aliyoambiwa kuhusu jua, akarudi amebabuka pua yote. Lakini hata kubabuka kule kulikuwa kwa ngozi iliyolala sawa. Alijipapasa gizani. Vidole vilipita bila kukwama. Alifurahi mpaka akaona haya, kwa sababu furaha ile ilikuwa imelipiwa na bibi.

Shangazi Nyirasafari alipomwona aliangusha mzigo wake wa vitunguu.

"Mungu wangu! Si nalisema? Tetra ya Goma! Mama, kuya muone, uso ya Keza iko inakuya!"

Mukagasana alikuwa amekaa kizingitini. Alisikia jina lile, akainuka, akapapasa mlango, akaingia ndani. Hakutoka mpaka Shangazi alipoondoka.

Akaliza hakuweza tena kunyamaza. Jioni hiyo alimfuata kwenye zizi. Bibi alikuwa anakamua kwa kupapasa tu, kichwa ameegemeza ubavuni kwa Bihogo, macho yamefumbwa, maana yalikuwa hayana kazi kubwa tena. Akaliza akachuchumaa pembeni, akasema yote bila kupumzika: Vénuste, tumbo tupu, kapsuli ya shavuni, kaa la moto kifuani.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mutu akilishwa sumu, we, tunamupatiaka nini?"

"Maziwa," alisema Akaliza.

"Kwa nini?"

"Juu inaua sumu."

"Na dawa ni nini, kama hapana sumu kidogo? Mi nilijua hiyo mbele mama yako azaliwe. Nilijua na sikufikiri." Akakamua kidogo. "Kwa nini haukuniambia?"

"Niliogopa kukuumiza, Nyogokuru."

"Basi umeniumiza na kunyamaza. Nilikuwa najiuliza, uyu mutoto amepata haya ya ng'ombe yangu? Amekuwa mutu ya mji? Nilikuwa nalala na ile maneno."

Akaliza alilia, na bibi akamwacha alie, kwani machozi mengine ni ya haki. Alipomaliza, bibi alimimina kikombe. Wakakubaliana kwamba dawa itamezwa kwa maji alfajiri, wakati wa kumtoa Bihogo nje, na maziwa yangoje mpaka jua lipande. Jioni vivyo hivyo. Akaliza akanywa mbele yake, na Mukagasana akaanza tena kuita majina, taratibu, na wale ng'ombe wa Masisi wakarudi kusimama nyuma ya uzio.

Lakini wakati haukuwa upande wao. Weupe uliendelea kujaa machoni mwa bibi, na kufikia kiangazi alikuwa anatofautisha mchana na usiku, na kivuli na mtu, basi. Akaliza alijitazama katika kioo alichopewa na Shangazi kila asubuhi kwa hofu ya mtu anayekimbilia basi. Bado kidogo shavu la kushoto. Bado kidogo kidevu.

Jumapili moja baada ya kanisa alirudi nyumbani kitenge kikiwa mabegani, na uso wake wote uko nje. Alimsalimia kila aliyekutana naye akimtazama machoni. Aligundua kwamba mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa na macho mazuri sana, na kwamba Gakwaya fundi cherehani, ambaye alimjua kwa viatu vya kahawia miaka yote, alikuwa kijana. Hakuna aliyeshangaa kumwona. Walimjibu salamu wakaendelea na mambo yao, na jua likawa juu ya kila kitu, juu ya mabati na juu ya ziwa, na alitembea ndani ya mwanga ule kana kwamba miguu haigusi chini. Leo, alijiambia. Leo atamwona.

Mukagasana alikuwa amekaa kizingitini, ameelekeza uso kwenye joto. Akaliza alipiga magoti mbele yake.

"Nyogokuru, niangalie."

Bibi alifungua macho. Aliyaacha wazi, akayasogeza huku na huku, akitafuta.

"Niko naona mwangaza," alisema. "Na kitu mweusi mbele ya mwangaza. Ni we?"

"Ni mi."

"Basi leta uso."

Akaliza hakuwahi kumwachia mtu yeyote auguse uso wake. Miaka yote, mkono ukija aliuepa. Sasa aliinama mbele, akafumba macho, akaweka uso mzima katika mikono ya bibi. Vidole vilianza kwenye paji, vikapita nyusi, vikateremka mashavuni. Vilikuwa vigumu na vikavu, vinanuka maziwa na moshi. Vilikwenda polepole. Vikarudi juu. Vikapita tena, haraka kidogo, kama vya mtu aliyeweka ufunguo mahali akiwa na hakika, na sasa haupo.

"Umemupeleka wapi?" bibi aliuliza.

"Nani?"

"Keza."

Akaliza alifungua macho. Uso wa bibi ulikuwa umekunjamana.

"Nyogokuru, ni uso yake njo hii. Shangazi alisema. Laini, sawa siku ya harusi."

"Shangazi yako alimuona siku ya harusi! Ile uso laini ilikuwa ya nyumba yao. Bipele biliisha miezi michache mbele ya harusi, na wakamubeba." Mikono haikuacha kutafuta. "Mi, yangu ilikuwa ile ingine. Alikuwa na bipele hapa, na hapa, na hapa kwa shingo, mpaka analia sawa we. Anajificha kwa ukungu sawa we. Sikukuwa na dawa ya kumupatia, nilimupatia tu maziwa, na nikamuangalia anakunywa. We ulianza kupata yako, nikasema, asante Mungu, amerudi. Kila jioni nilikuwa namuona. Hata macho ikianza kuisha, nikikaribia namuona."

Akaliza alikuwa amemtafuta mama yake chini ya ngozi kwa mwaka mzima, akamkwangua kwa kapsuli nyekundu na njano mpaka akamwondoa.

"Kwa nini ulinipatia ile dawa, basi?" aliuliza.

"Ulikuwa unalia," alisema Mukagasana. "Mutoto analia, nifanye nini?"

Na akaanza kushusha mikono, taratibu, kama mtu anayekubali. Akaliza aliikamata njiani. Alichukua kidole kimoja cha bibi, akakipeleka nyuma ya taya, chini ya sikio, mahali ambapo kioo hakifiki. Palikuwa na chunusi moja pale, ya zile za ndani, sugu, iliyokuwa imekataa dawa. Ilimuuma alipoigusa.

"Hapa iko moja," alisema.

Kidole kiliikuta. Kikasimama. Kikaizunguka kidogo, kikaibonyeza, na maumivu yakampenya Akaliza mpaka kwenye jino. Hakusogea.

"Eh," alisema Mukagasana, na pumzi ndefu ikamtoka. "Yambo, Keza. Yambo, mutoto yangu."

Mchana ulipita juu yao. Watoto wa Mbonigaba walikuja kuomba maziwa, wakaona, wakaondoka. Akaliza alikaa vilevile, shingo imepinda na magoti yamekufa ganzi, akamwachia bibi uso wake mpaka mkono ulipochoka wenyewe.